Matusi ya Diwani na Mwenyekiti

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mihayo, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Itundwe, na lori langu moja ndilo lililobeba waombolezaji kutoka mjini. Malori ninayo matatu, nyumba ya wageni ninayo pale Cheyo, mashine ya kukoboa mpunga ipo Isevya, na vyote hivyo nimevipata kwa mikono hii, maana darasani niliishia la nne. Watu wa Tabora wananijua, na wanajua pia kwamba mimi silii. Lori langu lilipopinduka na shehena nzima ya asali, nilisimama pembeni ya barabara nikatafuna muhindi wa kuchoma mpaka askari walipofika. Lakini siku ile ya mazishi nililia mbele za watu, machozi na kamasi, wakaniletea kiti wakidhani nimezidiwa na marehemu. Kilichonizidi kilikuwa hotuba ya Mzee Chidawali.

Mzee Chidawali alikuwa diwani wetu miaka ileile ambayo Mihayo alikuwa mwenyekiti. Mmoja wa chama cha zamani, mwingine wa chama kipya. Majina ya vyama sitayataja, mimi nina wateja pande zote mbili. Siku ya mazishi Chidawali alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa suti nyeusi, fimbo ameilaza magotini. Alipoitwa kusema, alisema vizuri mno. Alisema marehemu alikuwa kiongozi mwadilifu, kwamba walitofautiana kwa itikadi lakini waliheshimiana, kwamba hakumbuki siku ambayo marehemu alimvunjia heshima. Kijana mmoja wa siasa aliyetoka Dar es Salaam akasimama baada yake akasema, "Ndugu waombolezaji, watu wanauliza kama viongozi wa vyama vinavyopingana wanaweza kuongoza pamoja. Jibu mmelisikia hapa. Ni heshima!" Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi ndipo nikaanza kulia.

Maana mnapaswa kujua kwamba Mihayo ni Mnyamwezi na Chidawali ni Mgogo, na hawa ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipopita Ugogo na pembe za ndovu vichwani na Wagogo wakawatoza hongo, ushuru wa njia, kabla ya kuwaruhusu kuchota maji. Mtani wako akifa, hukai kwenye kiti cha plastiki. Unanyang'anya jembe kwa wachimba kaburi. Unaingia shimoni, unalala, unasema hutoki mpaka upewe kuku. Unamwambia marehemu amka, mvivu wewe, umekimbia shamba. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na ndivyo wanavyopona. Chidawali ndiye Mgogo pekee Itundwe, baba yake alikuja na kazi za reli akaoa huku akabaki huku. Mwingine wa kufanya kazi ile hakuwepo. Na yeye alisoma hotuba. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni yeye na mimi tu tuliojua kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mwaka mambo haya yalipotokea. Nilikuwa nachoma tofali, na nguvu zangu zilikuwa zinasimuliwa. Nilikuwa na uwezo wa kupakia tanuru zima tangu asubuhi mpaka jua la saa kumi bila kukaa. Nilikuwa na baiskeli yangu, na mke wangu Kalunde, na sauti. Sauti hii ndiyo iliyonifanya kiongozi wa vijana wa chama kipya, maana vipaza sauti vilikuwa vichache na mimi sikuvihitaji. Mzee Mihayo alipogombea uenyekiti, nilimzungushia kampeni kitongoji kwa kitongoji, na akashinda, kwa mara ya kwanza mtu wa chama kipya kukalia kiti kile. Lakini wajumbe wengi wa halmashauri ya kijiji walibaki wa chama cha zamani, na wenyeviti wa vitongoji karibu wote, na diwani pia. Watu wakasema kijiji kimekufa. Mwenyekiti atapiga mbiu, hakuna atakayetoka. Diwani ataleta kitu kutoka halmashauri ya wilaya, mwenyekiti atakikataa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilisema kwa furaha, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka vita.

Kitu kilichokuwa kikisubiriwa ni zahanati. Kutoka Itundwe hadi hospitali mjini ni njia ileile ya zamani ya wapagazi, inapita mbuga mbili ambazo wakati wa mvua zinakuwa ziwa. Mwaka uliotangulia Kalunde alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, nikamfunga kwenye baiskeli na khanga, na mtoto yule hakufika. Sitaki kusema zaidi kuhusu huyo. Mwaka huu ninaousimulia Kalunde alikuwa mjamzito tena, mkunga wa kijiji alikuwa amempima kwa mikono akahesabu kwamba atajifungua mvua zikishaanza. Kwa hiyo mimi katika zahanati ile nilikuwa na jambo langu. Niliwaambia wazi wazee wote wawili. Paa likipanda kabla ya mvua, mwanangu atazaliwa ndani ya chumba. Chidawali alisema muuguzi ameshapangwa wilayani, anachosubiri ni paa tu.

Wazee hawa walikuwa wanakutana kwenye ghala la zamani la tumbaku, chumba kirefu chenye sakafu nyeusi, ambacho mpaka leo nikifungua mlango wowote wenye harufu ya majani makavu, narudi pale. Walikaa juu ya magunia. Mke wa Mihayo alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na Chidawali alikuja na kikopo chake cha mboga ya mlenda kwa sababu alidai chakula cha Wanyamwezi kinamfungia tumbo. Mkutano ulianza hivi, kila mara, na nisingeuona kwa macho yangu nisingeamini kwamba hii ni serikali.

"Mbukwa!" Mihayo alikuwa anasema, akiiga salamu ya Kigogo kwa sauti ya kubana pua. "Ombaomba umefika? Bakuli umeacha wapi?"

"Nimeliacha kwa mama yako, anapikia. Wewe mpagazi, shingo imenyooka leo? Au bado umebeba meno ya tembo ya Mwarabu?"

"Mtumwa wangu, kaa chini. Ukisimama hivyo unaonekana kama mti uliokosa mvua."

"Mtumwa wangu ni wewe, babu yako alimpa babu yangu shuka mbili akaomba maji. Na maji yenyewe alipewa ya ng'ombe."

Wajumbe walikuwa wanacheka mpaka wanapangusa macho, wa chama hiki na cha kile, na katikati ya kicheko hicho kazi ilikuwa inafanyika. Sikiliza, hapa ndipo penyewe. Kwa sababu walikuwa na ruhusa ya kutukanana, walikuwa na ruhusa ya kuambiana ukweli. Siku moja Mihayo alitaka tofali za kwanza ziende kwenye ofisi ya kijiji badala ya zahanati, na mjumbe gani wa chama cha zamani angempinga bila kuonekana mhujumu? Chidawali alimwangalia akasema, "Mnyamwezi akipewa kiti tu anataka na nyumba ya kukiwekea. Nenda ukajifungulie wewe humo ofisini." Kicheko. Mihayo naye akacheka, akakuna kichwa, tofali zikaenda zahanati. Na siku Chidawali alipochelewa wiki mbili kwenda wilayani kufuatilia mabati, Mihayo hakuandika barua ya malalamiko. Alimwambia mbele ya wote, "Ninyi Wagogo kwa kuomba ndio mnasifika dunia nzima. Sasa tumekupa kazi ya kuomba mabati umeshindwa hata hiyo? Rudisha kabila." Kesho yake asubuhi Chidawali alikuwa juu ya baiskeli.

Nakumbuka pia siku ya kazi ya kijiji, mbiu ilipopigwa na wenyeviti wa vitongoji wakakaa majumbani kwao kwa sababu aliyeiita ni mwenyekiti wa chama kipya. Tulikuwa watu kumi na wawili tu kwenye tanuru, na Kalunde na tumbo lake akiwa mmoja wao, anabeba tofali nne nne kichwani nikimkataza na yeye akinisonya. Saa tatu tukamwona diwani anakuja na koleo begani, amekunja suruali mpaka magotini, miguu myembamba kama ya korongo. Akapaza sauti barabara nzima isikie. "Jamani tokeni mnisaidie! Mpagazi wangu amebebeshwa mzigo, na mnamjua huyu, atautupa njiani aseme chama changu ndicho kilichomsukuma!" Watu wakatoka wakicheka, hata wale wenyeviti. Kufikia saa saba kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Wale wazee wawili walichanganya udongo pamoja kwa miguu, wameshikana mabega wasiteleze, wanatukanana. Kalunde alinong'ona, "Hawa wakikosana tutakufa." Nikamwambia atoke hapo, wale hawawezi kukosana, wameshamaliza matusi yote.

Nilikuwa najiona mjuzi.

Ilipofika Septemba kuta zilikuwa zimekamilika na kenchi za mbao za kushikilia paa zimeanza kupigiliwa. Mabati yalikuwa yameshafika ghala la wilaya, kwa jina la kijiji chetu. Siku hiyo kwenye ghala la tumbaku tulikuwa wachache, wazee wawili na wajumbe watatu na mimi niliyeleta hesabu ya misumari, na ikaja habari kwamba wakubwa wa chama cha zamani wanataka kwanza kuja kuzindua ujenzi kabla mabati hayajatoka. Mihayo akamtazama mtani wake akasema, "Haya, mabwana zako hao. Ukuta umesimama, wao ndio wanakuja kuuzindua." Chidawali akalamba mlenda kwenye kidole, akasema kwa uchovu wa mtu anayezungumza na watu wake, "Waache waje niwape mkasi. Ndiyo kazi wanayoijua. Wale hata chooni hawaingii mpaka kuwe na utepe wa kukata." Tulicheka mpaka Mihayo akaanguka kutoka kwenye gunia. Mihayo naye akamjibu kwamba wakubwa wa chama chake yeye mwenyewe, wao wakienda chooni wanaitisha maandamano kwanza. Tukacheka tena. Yaliyosemwa kwenye utani yanabaki kwenye utani. Hakuna mtu anayekufundisha hilo, unazaliwa nalo.

Wiki mbili baadaye chama kipya kilifanya mkutano mkubwa mjini, pale Ipuli, na mimi nikaitwa niwasalimie wananchi kama kiongozi wa vijana kutoka vijijini. Nilipanda juu ya lori. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakiniangalia mimi, kijana wa tofali, darasa la nne, viatu vya kuazima. Waliotangulia walikuwa wasomi, wamezungumza takwimu na katiba, na watu walikuwa wanapiga miayo. Mimi nikaona nafasi. Nikasema, "Mnataka kujua wakubwa wao wakoje? Msiniulize mimi, mwulizeni diwani wao wa Itundwe! Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake, hata chooni hawaingii mpaka kuwe na utepe!" Uwanja ulilipuka. Walinishusha kwenye lori wakanibeba juu juu. Wakubwa wa chama wakanishika mkono, mmoja akaniambia, "Kijana, wewe utafika mbali." Kweli nimefika mbali. Nilirudi Itundwe kwa baiskeli nikiimba njia nzima, na kote nilikopita sikufikiria hata mara moja kwamba nimebeba neno la watu na kulipeleka sokoni.

Chidawali aliitwa mjini. Tulisikia baadaye kwamba alikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni bila kuambiwa neno, mtu mzima yule, diwani, anaangaliwa na kila anayepita. Kisha akaitwa ndani akaambiwa asome barua ya kuomba radhi aliyoandikiwa na mtu mwingine. Aliisoma. Akaambiwa mabati ya Itundwe yamepangiwa kata nyingine, ambako watu wana shukrani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani kwa Mzee Mihayo, ndani ya jiko la nje, mkewe amenipa michembe na chai. Nilimsikia Chidawali akiegemeza baiskeli ukutani. Sikutoka. Nilibaki nyuma ya mlango wa jiko, kikombe mkononi, na nilisikia kila kitu. Nilikuwa nasubiri matusi. Nilijua yatakuja makali, na nilijua yakija tu, mambo yamekwisha, watacheka, na mimi nitatoka nikapigwa kofi na nitastahili.

"Nani alimwambia kijana wako akayaseme yale?" Chidawali aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Mihayo alijua niko jikoni. "Ni mimi," akasema.

"Wewe ulimtuma Maganga?"

"Nilimtuma mimi. Mambo ya chama. Kijana usimlaumu."

Kulikuwa na kuku aliyekuwa anatamia pale jikoni, nakumbuka alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Nilipaswa kutoka. Ilikuwa hatua tatu tu. Badala yake nilihisi mwili mzima unalegea kwa raha, kama mtu aliyetuliwa gunia. Mzee amenikinga. Mzee amelibeba.

"Mihayo," Chidawali akasema. Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita kwa jina. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Kisha nikasikia kitu ambacho mpaka leo kinanitia baridi. Chidawali, aliyekuwa mdogo kwa Mihayo kwa miaka minne au mitano, mtu ambaye hakuwahi kumwamkia tangu wajuane, alisema polepole, "Shikamoo, Mwenyekiti." Mihayo hakuitika. Baiskeli ikaondoka.

Baada ya hapo serikali ya kijiji chetu ilikwenda kwa utaratibu mzuri sana. Barua ziliandikwa kwa nakala mbili. Mikutano ilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Mwenyekiti alimwita diwani Mheshimiwa, diwani alimwita mwenyekiti Mheshimiwa, na wajumbe wakakaa pande mbili za ghala, magunia ya huku na magunia ya kule. Mihayo aliomba kwa maandishi diwani afuatilie mabati. Chidawali alijibu kwa maandishi kwamba ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi. Mihayo akapiga mbiu watu waje kufunika kuta kwa nyasi na maturubai ya tumbaku, wenyeviti wa vitongoji hawakutoka, na diwani hakuja na koleo. Tulikwenda tukiwa wanane. Nyasi tulizoweka zilifunika nusu ya jengo. Nilikuwa nafanya kazi kama punda, nalala hoi, naamka, na kila mara Mzee Mihayo aliponitazama nilitazama kwingine. Angenichapa ningepona.

Mvua ilitangulia mwaka ule. Ilinyesha siku nne mfululizo, na kwa kuwa tofali zilikuwa zimejengewa udongo, ukuta wa chumba cha uzazi ulianza kuvimba kama uso wa mgonjwa, kisha ukalala. Haukutoa hata kishindo. Nilisimama pale na Kalunde, mvua inatupiga, akaangalia zile tofali alizozibeba kichwani mwake akasema tu, "Twende nyumbani, Maganga."

Uchungu ulimshika wiki iliyofuata, asubuhi, nikamfunga kwenye baiskeli na khanga, tukashika njia ya wapagazi. Mbuga ya kwanza tulivuka, maji magotini. Mbuga ya pili haikuvukika. Kulikuwa na wanawake wawili wanaokota uyoga pembeni, wakaja mbio, wakatandika khanga zao kwenye kichuguu palipokuwa pakavu kidogo, wakanifukuza nikasimame mbali. Alikuwa msichana. Nilimsikia akilia, mara mbili, sauti nyembamba. Wanawake wale walimfunika, wakampuliza, wakamsugua kifuani. Hakulia mara ya tatu. Kalunde na mimi tumezaa wanne baadaye, wote wapo, wawili wamesoma mpaka vyuo vikuu kwa jasho langu, na hakuna hata mmoja ambaye nilipomsikia analia sikuhesabu.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mzee Mihayo alikuja, na Mzee Chidawali alikuja, mmoja alisimama upande huu wa kaburi na mwingine ule. Mgogo kwenye msiba wa Mnyamwezi. Ningetoa chochote aseme kitu cha hovyo, anichekee, aniambie hata kutengeneza mtoto sijui. Alinipa mkono akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Mungu akutie nguvu." Mihayo naye akasema maneno hayohayo, karibu kwa mpangilio uleule. Kisha wakapeana mikono wao kwa wao kwa adabu, wakaondoka kwa njia mbili.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Chidawali. Nilimkuta anachambua mbegu za karanga kwenye ungo, barazani kwake. Nilipiga magoti, mimi, kwenye tope. Nikamwambia kwamba Mzee Mihayo hakunituma, kwamba hakujua kitu, nilijisemea mwenyewe kwa sifa, na kwamba nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko alipodanganya kwa ajili yangu.

Aliendelea kuchambua karanga. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini, mzee?"

"Tangu alipofungua mdomo. Kwani wewe hukuwepo ghalani nilipoyasema? Ulikuwepo, na misumari yako. Mihayo akutume ya nini? Mihayo hawezi kumtuma hata kuku." Akanyanyua uso. "Kijana, wewe ulisema ujinga, na ujinga ninausamehe, nilikuwa kijana pia. Angeniambia, 'Mtumwa wangu, huyu kijana wangu ni mpumbavu kama mimi, mchape,' ningekuchapa, na tungekwenda mjini wote wawili yeye na mimi tukawapigie magoti wale wenye mabati. Pengine wangetupa. Lakini alinidanganya. Miaka ishirini na kitu amenitukana, mama yangu, baba yangu, kabila langu, na ndani ya matusi yake yote sikuwahi kukuta uongo. Siku ile akanitazama akaona mtu wa chama kile. Mtu wa kufichwa. Mambo ya chama, akasema. Umesikia mwenyewe."

Nikamwomba twende. Nilimwambia nitasema yote mbele yao wawili, kuta tatu bado zimesimama, kiangazi kinakuja, wanaweza kuanza upya. Akamalizia karanga zilizobaki kwenye ungo. Halafu akaingia ndani, akatoka na kofia yake, tukaongozana. Njiani nilimwona midomo inamchezacheza, nikajua anatafuta tusi, anachagua la kuanzia. Tulipofika uani kwa Mihayo alisimama, akaweka mikono kiunoni, akapiga kelele kama zamani:

"Wewe mpagazi! Umekufa humo ndani, au bado unatafuta Mwarabu wa kukubebesha?"

Mlango ukafunguliwa, Mzee Mihayo akatoka, anafunga vifungo vya shati haraka haraka. Alituona wote wawili. Aliniona mimi na magoti yangu yenye tope, na alielewa, nilimwona akielewa, na uso wake ukaingia aibu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alifungua mdomo. Nilisubiri. Chidawali alisubiri, mikono bado iko kiunoni, tabasamu limeshaanza upande mmoja.

"Karibu, Mheshimiwa Diwani," Mihayo akasema, ameinamisha macho. "Karibu ndani. Nisamehe sana, hatukuwa na taarifa ya ugeni."

Mikono ya Chidawali ikashuka. Akavua kofia. Tuliingia, tukapewa viti, tukaletewa chai, na mimi nilisema niliyokuja kusema nao wakanisikiliza mpaka mwisho, kila mmoja akanishukuru kwa ukweli wangu. Kisha wakazungumza habari za zahanati. Walikubaliana kwamba maombi mapya yaandikwe, kwamba ukuta ujengwe upya kwa saruji, kwamba mwenyekiti ataandaa nguvu kazi na diwani atawasilisha kwenye baraza. Na ilifanyika hivyo, miaka miwili baadaye. Jengo lipo, linafanya kazi. Hakuna aliyembishia mwenzake hata neno moja. Kila mmoja alimsubiri mwenziwe amalize ndipo aseme.

Nilimsindikiza Chidawali mpaka njiani. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaangalia kule kwenye kuta tatu.

"Umeona, Maganga?" akaniambia. "Tumeelewana."